Usiweke sahihi kwenye karatasi isiyo na kichwa

Ukikaa Mkunguni, uwanja wetu hapa Lamu, jioni ukawaambia watu kuna wataalamu wanataka kupoza dunia kwa kunyunyiza salfa juu angani, watakucheka. Lakini si sinema jamani, volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ililipuka 1991, salfa yake ikapunguza jua na dunia ikapoa kama nusu digrii hivi, sasa wanataka kuiga. Wengine wanataka kung'arisha mawingu ya baharini kwa chumvi ili yarudishe jua juu, na bahari ndio sisi hapo.

Ushauri wangu, anza kuuliza mapema. Lamu tushafunzwa na makaa ya mawe. Leseni ya ule mradi wa umeme wa makaa pale Kwasasi ilifutwa Juni 2019, sababu moja kubwa ni kuwa mikutano ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, ripoti kamili ya mazingira ilipotoka wananchi hawakupewa nafasi ya kuijadili inavyotakiwa.

Mi nimekaa mabaraza mengi ya miradi na kinachoniudhi ni ile karatasi ya mahudhurio. Inazungushwa hata soda hazijafunguliwa, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, na juu haina kichwa. Mzee kaacha madema yake, anatia sahihi apate nauli, kesho inabandikwa nyuma ya ripoti eti wenyeji wamekubali. Siku hizi naandika pembeni ya jina langu "nimehudhuria tu, ripoti sijapewa" halafu naipiga picha. Afisa mmoja alinikodolea macho, nikamwambia basi nipe ripoti nami ntayafuta.

Halafu uliza nani ana uwezo wa kuusimamisha mradi, manake kila mtu huuliza ajira tu. Chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walitaka kurusha puto la utafiti huu wa kupoza dunia Kiruna, Uswidi, 2021, hata halikuwa la kunyunyiza kitu safari ile, Wasaami, wenyeji wa asili wa kule, wakalipinga likasimama, 2024 mradi ukafungwa. Alameda kule California majaribio ya chumvi yalishaanza juu ya meli ndio mji ukashtuka, madiwani wakayakataa Juni 2024.

Sasa puto likirushwa nchi nyingine utaenda kwa chifu gani? Hapo kweli pagumu, hata mkutano wa mazingira wa UN Nairobi 2024 nchi hazikuelewana, azimio la mambo haya likaondolewa. Ila likija jaribio la baharini au la mikoko hapa kwetu, Katiba ya Kenya kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki mambo ya mazingira, kitaje. Omba ripoti kwa maandishi kabla ya siku ya baraza, tafuta kijana wa chuo mkae muisome, na muanze na sehemu ya athari, zile kurasa za mbele ni sifa tupu.