Utitiri kwenye nge: safisha nyumba yake, dawa iache dukani

Niligundua usiku. Nina tochi ya mwanga wa urujuanimno, na kabla ya kulala hupenda kummulika nge wangu, kwa sababu chini ya mwanga huo gamba la nge hung'aa kijani hadi ukashangaa. Usiku ule mng'ao ulikuwa na madoa. Niliwasha taa ya kawaida, nikachukua kioo cha kukuzia, nikaviona: vitone vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vimejipachika kwenye maungio ya miguu na kuzunguka mdomo. Vingine vilikuwa vinatembea juu ya magando.

Nge huyu ni Pandinus imperator, yule mkubwa mweusi wa misitu ya Afrika Magharibi. Nilikuwa nimeishi naye miaka mitatu na sikuwahi kumwona na kitu kama hicho. Kilichonijia kwanza kichwani ni dawa. Kopo la dawa ya wadudu lilikuwa tayari mkononi.

Kama na wewe umeshika kopo sasa hivi, tafadhali lirudishe. Nge, utitiri, kupe na buibui wote ni araknida, ni ndugu wa ukoo mmoja. Dawa iliyotengenezwa kumuua utitiri haijui kumbagua nge. Hata ile wanayopakwa mbwa na paka, ambao haiwadhuru, kwa nge ni sumu. Usipulize kitu chochote ndani ya kasha lake, wala kwenye chumba anamokaa.

Kabla ya kufanya lolote, tazama una utitiri wa aina gani. Wale wangu walikuwa weupe, wa mviringo, wanakwenda polepole, na walikuwa wengi zaidi kwenye udongo kuliko mwilini mwa nge. Hao ni wala-uozo. Chakula chao ni ukungu na mabaki ya mawindo. Wanampanda nge wakiwa katika hatua moja ya ukuaji ambayo hata kinywa cha kulia hawana. Wanachotafuta ni usafiri wa kuwapeleka mahali pengine penye uozo. Hawamnyonyi damu. Hilo lilinituliza, ila si sababu ya kuwaacha. Wakijazana mdomoni, nge anashindwa kula. Na chini ya tumbo ana matundu manane madogo ya kupumulia, manne kila upande. Utitiri wakikusanyika hapo, hali ni mbaya.

Aina ya pili ni vimelea hasa. Mara nyingi hawa ni wekundu au rangi ya chungwa, wameng'ang'ania sehemu laini kati ya pingili na hawabanduki hata ukiwagusa. Hupatikana zaidi kwa nge waliokamatwa porini. Ukiwakuta, mtafute daktari wa mifugo anayejua wanyama wa namna hii, usiwavute kwa nguvu, maana ngozi ya pale ni nyembamba na nge akichanika hupoteza majimaji ya mwili.

Sasa kazi yenyewe. Nilimwekea nge chombo cha plastiki mbele yake na kumsukuma taratibu kutoka nyuma kwa mpini wa brashi ndefu hadi akaingia mwenyewe. Udongo wote nilioumwagilia kwa miezi niliutia kwenye mfuko, nikaufunga na kuutoa nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Usijaribu kuokoa nusu yake. Magome niliyachemsha nusu saa. Kasha nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikalisuuza mara tatu, nikalianika juani siku nzima. Mfuniko ndio uliochukua muda mrefu kuliko vyote: kila tundu la hewa nililipitisha mswaki, kwa sababu utitiri hupenda kujificha kwenye kingo hizo, na wachache tu wakibaki wanatosha kuanzisha upya. Penye joto na unyevu, yai huwa utitiri mzima anayetaga ndani ya wiki mbili au tatu.

Nge mwenyewe nilimweka kwenye chombo kikavu chenye karatasi nyeupe ya kufutia jikoni, kipande cha gome alichoweza kujificha chini yake, na basi. Karatasi niliibadilisha kila siku. Uzuri wa karatasi nyeupe ni kwamba unauona mwenendo wa mambo: siku za mwanzo ilikuwa na vitone vinavyotembea, vikapungua, vikaisha.

Hapa nilikosea, na ningependa usirudie kosa langu. Nilisoma kwamba ukavu huwaua utitiri, jambo ambalo ni kweli, nikaondoa hata kisahani cha maji. Siku ya tatu nikamkuta nge amelala amenyong'onyea, mikunjo ya ubavuni imeingia ndani, magando hayanyanyuki. Nge wa msitu wa mvua hawezi kukaushwa kama nge wa jangwani. Nilimrudishia maji huku mikono ikinitetemeka. Aliinamisha mdomo kwenye kisahani akanywa kwa muda mrefu mno, na jioni akawa amesimama. Kausha sakafu na hewa, lakini maji ya kunywa yawepo muda wote, kwenye kisahani kifupi, na yabadilishwe kila siku.

Wale waliobaki mdomoni niliwatoa kwa brashi laini ya kuchorea iliyoloweshwa maji kidogo. Mtu wa pili alishika tochi. Nilifagia kutoka ndani kwenda nje, mara chache kila usiku, nikiacha nge akichoka. Wapo wanaotumia kijiti chenye Vaseline kuwanasa. Kinafanya kazi, lakini usikipeleke chini ya tumbo, kwa sababu mafuta yakiziba matundu ya hewa utakuwa umemnyonga mwenyewe. Na kama nge ni mchanga na amekaribia kujiambua, amenenepa na kukataa kula, usimguse kabisa. Akijiambua atawaacha wengi wao kwenye gamba la zamani. Wewe liondoe tu baada ya mwili wake kukauka na kuwa mgumu. Nge mzima kama wangu hajiambui tena, kwa hiyo brashi ndiyo njia.

Chanzo nilikipata nilipokuwa namwaga udongo. Chini ya gome kubwa kulikuwa na nusu ya nyenje, ameota ukungu, na juu yake utitiri walikuwa wengi hata akaonekana kama amepakwa unga. Nge hula kwa kuyeyusha windo nje ya mwili na kulifyonza, kisha huacha donge la mabaki, na mara nyingi huliacha mahali usipofikiria. Nilikuwa nikitazama juu ya udongo tu. Sasa nampa nyenje mmoja mmoja, na asubuhi nanyanyua kila gome kutafuta donge. Nyenje ambaye hakuliwa namtoa. Na nyenje wenyewe nawaweka kwenye chombo kikavu, chakula chao nakibadilisha kabla hakijaoza, maana utitiri wengi huingia wakiwa wamebebwa na hao.

Baada ya siku kumi za karatasi safi nilimrudisha kwenye makumbi mapya ya nazi, mabichi chini na makavu juu. Nimeongeza kolembola, vidudu vidogo vinavyoruka na kula ukungu, ili utitiri wakija wakute meza imeshaliwa. Ukishindwa kuwamaliza, kuna utitiri wawindaji, Stratiolaelaps scimitus, wa rangi ya kahawia na wepesi wa mbio, wanaouzwa kwa ajili ya bustani. Hula wenzao na hawamdhuru nge, na chakula kikiisha nao hupungua wenyewe.

Tochi bado naiwasha kila usiku. Naanzia mdomoni.