Vuli katika darasa la chekechea: kwa ndugu wanaoanza kazi Ohio

Kila Agosti, shule zinapofunguliwa, ndugu zetu wengine wanaanza kazi ya mwalimu msaidizi katika madarasa ya chekechea huku Ohio. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Kenya, wanapenda watoto na hawaogopi kazi. Kinachowatia wasiwasi ni miezi mitatu inayofuata, kwa sababu Septemba hadi Novemba, ambayo huku ndiyo vuli, majira ya majani kupukutika, imejaa sikukuu ambazo hatukukua nazo. Ushauri wangu ni mmoja: anza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika. Tufaha, jani, boga. Sikukuu itakuja yenyewe kwa wakati wake, na mtoto ambaye kwao haisherehekewi atakuwa tayari yumo kazini pamoja na wenzake.

Septemba ni ya matufaha. Ndipo yanapovunwa, na bei inashuka. Tarehe 26 walimu wengi humkumbuka John Chapman, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1774 huko Massachusetts, akaja kupanda vitalu vya miche ya matufaha Pennsylvania, Ohio na Indiana. Watoto wanamjua kwa jina la Johnny Appleseed. Hadithi yake isomwe, lakini muda mwingi upewe tunda lenyewe. Likate kwa upana badala ya kuanzia kwenye kikonyo, na vyumba vya mbegu vitaonyesha nyota yenye ncha 5. Leta jekundu, la kijani na la njano, kila mtoto aonje, kisha abandike karatasi yake chini ya rangi aliyoipenda. Hapo wameshatengeneza grafu. Waache wenyewe waseme safu ipi ni ndefu na kwa kiasi gani, usiwakimbilie na jibu. Na kabla ya kuonja chochote, soma orodha ya watoto wenye mzio. Isome kila mara, hata kama unaamini unaikumbuka.

Oktoba majani yanageuka rangi, na watoto watauliza kwa nini. Waambie ukweli, wanauweza. Siku zikifupika na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayolisaidia jani kujitengenezea chakula. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwa imefichwa chini yake inaonekana. Kwa kazi ya mikono, laza jani upande wa nyuma ukiwa juu, maana huko ndiko mishipa imeinuka. Funika kwa karatasi nyepesi, kisha mtoto asugue kwa ubavu wa krayoni iliyovuliwa karatasi yake. Ila njia mtakayopita kuokota majani ipite wewe kwanza. Kuna mmea unaoitwa poison ivy, wenye vijani vitatu vitatu, ambao ukiugusa unaweza kukuwasha na kukutoa malengelenge kwa siku nyingi. Vuli unageuka mwekundu wa kupendeza, na mtoto ataukimbilia kabla ya jani jingine lolote. Mbegu za mti wa buckeye, mti wa jimbo hili, nazo ni nzuri kuhesabia, lakini zina sumu zikiliwa. Zikishahesabiwa, zikusanye zote.

Msimu huuhuu watoto zaidi ya 20 wanahitaji kuvaa makoti kwa wakati mmoja. Usimvalishe kila mmoja, utamaliza mapumziko yote mlangoni. Mfundishe alaze koti sakafuni likiwa wazi, kofia yake ikielekea miguuni mwake, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, kisha alirushe juu ya kichwa. Linashuka mgongoni limekaa sawa. Zipu ndiyo yenye kazi. Mwanzishie ncha ya chini, yeye apandishe.

Wiki yenye tarehe 9 Oktoba ni ya usalama wa moto, kwa kumbukumbu ya moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Zimamoto huja shuleni, na kengele ya mazoezi hupigwa. Mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma anaweza kutetemeka kwa kelele ile. Mweleze kwa Kiswahili asubuhi, mapema, na kengele ikilia mshike mkono. Waombe zimamoto wavae vifaa vyao kimoja kimoja mbele ya watoto, ili atakayefunikwa uso mwishoni awe mtu waliyeshamwona akicheka.

Boga lipe wiki mbili nzima. Wewe uliyekula mboga ya majani ya maboga na kutafuna mbegu zake zilizokaangwa unalijua kuliko walimu wengi utakaofanya nao kazi, kwa hiyo usikae pembeni. Siku ya kwanza kisu kisiliguse. Kila mtoto akate uzi anaodhani utalizunguka, kisha ajaribu. Wengine utawapungukia, wengine utaning'inia, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Siku nyingine uliza: tukilitia majini litazama au litaelea? Wengi watasema litazama kwa sababu ni zito. Linaelea, na wasielezwe sababu. Siku inayofuata mtu mzima akate kifuniko kabla watoto hawajaingia, wao watie mikono ndani, waukute ule uwazi uliojaa hewa, waliunganishe wenyewe na walichokiona jana. Mtoto asiyetaka utelezi ule mpe kijiko. Usimlazimishe, na usimwache akae bila kazi.

Mbegu zioshwe, zianikwe kwenye trei hadi kesho, zipangwe kumi kumi kwenye vikombe vidogo. Mtaala wa jimbo unataka mtoto wa chekechea ahesabu hadi 100, kwa moja moja na kwa makumi, na boga moja la kawaida lina mbegu mia kadhaa. Sijaona karatasi ya mazoezi inayofundisha makumi vizuri kuliko vikombe vile. Kama mtapika, nunua yale maboga madogo ya kupikia. Makubwa ya kuchonga yana maji mengi na ladha haba. Kipande kimoja kifungie kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha, ukizungushie mkanda wa gundi, watoto wachore kila Ijumaa wanavyoona kuvu ikitambaa. Chombo hicho hakifunguliwi kamwe, kitatupwa kama kilivyo.

Ikija Halloween, tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kupewa pipi, tayari mna kazi kubwa darasani, na sherehe inatosha saa moja. Baadhi ya shule zimeigeuza kuwa sherehe ya mavuno. Familia za Mashahidi wa Yehova, Waislamu wengi na walokole wengi wetu hawaitaki. Barua iende nyumbani wiki mbili kabla, iseme siku, saa na kitakachofanyika, ili mzazi aamue bila kumwuliza mtoto mbele ya wenzake. Wewe ndiwe utakayempigia simu mama anayesema Kiswahili. Mweleze kwa heshima kinachofanyika darasani, usimshawishi, usimtishe. Mtoto ambaye hatashiriki asipelekwe kukaa ofisini kama aliyekosa. Apewe kazi ya kweli, mfano kupeleka vitabu maktaba pamoja na mtu mzima. Pipi nazo zisome: nyingi za kutafuna zina jelatini, na mara nyingi inatokana na nguruwe.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Kwa wiki nzima watoto watasikia njaa kabla ya muda wa chakula, na watalia kwa mambo madogo. Vitafunio vitolewe mapema zaidi.

Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Ukiambiwa mtengeneze kofia za manyoya za karatasi za kuwaigiza wenyeji wa asili wa Marekani, omba kwa upole mfanye kingine. Katika mlo unaokumbukwa siku hiyo, waliokula pamoja na Waingereza kule Plymouth mwaka 1621 walikuwa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa huko, na Wawampanoag wapo hadi leo Massachusetts; mavazi ya watu si kitu cha kuchezea. Watoto wa miaka mitano wanaelewa hilo. Badala yake kila mmoja apewe sahani ya karatasi, achore chakula cha siku kubwa kwao. Utapata bata mzinga, utapata pilau, utapata fufu na sombe, na kila mchoro uning'inizwe kwa urefu uleule ukutani.

Likizo ile ni ya siku nne au tano, na kwa baadhi ya watoto hizo ni siku nne au tano bila mlo wa shule. Shule nyingi zina mifuko ya chakula ya kupeleka nyumbani. Mwone mshauri wa shule mwanzoni mwa Novemba, peke yenu, umtajie familia unazoona zina uhitaji. Mzazi mpya asiyejua Kiingereza hataijaza fomu ya kuomba mifuko hiyo peke yake, kaa naye mjaze.