Jibu Langu kwa Mama wa Himbi Kuhusu Chanjo Mpya na Watoto Wetu

Juma lililopita, siku chache baada ya chanjo ya mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, kuzinduliwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 5 Oktoba 2024, mama mmoja wa mtaa wa Himbi aliniandikia ujumbe mrefu. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Amesikia kwamba kwa sasa wanaochanjwa ni watu wazima, wakitanguliwa na wahudumu wa afya, lakini chanjo ya watoto itakuja kutoka Japani, na mumewe amekwisha kuapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeguswa na sindano hiyo. Pamoja na maneno yake alinitumia sauti inayosambaa katika simu za watu, ambamo mtu anasimulia kwamba huko Ulaya watoto waliochanjwa dhidi ya homa mpya ya mafua waliharibika usingizi, wakawa wanasinzia mchana kutwa. Mwishoni akaniuliza: "Mwalimu, wewe ungempeleka wa kwako?"

Ndiyo, ningempeleka. Natanguliza jibu ili mama huyu asilitafute hadi chini, lakini namwomba asiondoke nalo kabla hajasikia nilivyolipata, kwa sababu nililipata kwa gharama ambayo mtoto wangu ndiye anayeilipa hadi leo.

Binti yangu mdogo alizaliwa katikati ya Oktoba 2018. Chanjo zake za mwanzo alizipata zote kwa wakati, na kadi yake niliitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na tabia ya kutunza karatasi imenifuata hadi nyumbani. Tarehe ya chanjo ya surua, ile ya miezi tisa ambayo wauguzi wetu huiita VAR, niliizungushia wino mwekundu: Alhamisi, tarehe 18 Julai 2019.

Waliokuwa Goma juma lile hawahitaji kusimuliwa. Jumapili tarehe 14 ilitangazwa kwamba Ebola imefika mjini, kwa mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka mji wa Butembo. Jumatano Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo ni dharura ya afya ya kimataifa. Alhamisi asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikashuka hadi kwenye lango la kituo cha afya, nikakuta mstari wa watu wakinawa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso. Nilikuwa tayari nimenawa wakati mwanamke aliyesimama nyuma yangu aliponinong'oneza kwamba ndani mle sindano za Ebola zimechanganywa na za watoto, na kwamba mama hawaambiwi. Sikumjua yule mwanamke, wala sikumwuliza alikosikia. Niligeuka nikarudi nyumbani, nikajiambia kwamba nitasubiri wiki mbili mambo yatulie.

Wiki mbili zilipotimia hayakuwa yametulia. Mchimba dhahabu aliyetoka mkoa wa Ituri alikuwa amefariki kwa Ebola hapa mjini, mke na binti yake mdogo wakawa wameambukizwa, na tarehe 1 Agosti mpaka wa Gisenyi, wa kuingia Rwanda, ukafungwa kwa saa kadhaa. Nikaahirisha tena. Baada ya hapo shule zilifunguliwa, zikaja sare na madaftari, na ile tarehe yenye wino mwekundu ikabaki kwenye kadi kama deni ambalo mwenye kudai hajaja mlangoni. Hakuna aliyenikataza kumpeleka mtoto. Hata mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa na hofu kuliko mimi, hakusema lolote. Uamuzi ulikuwa wangu, na niliufanya kwa kutouamua.

Mwishoni mwa Septemba mtoto alipata homa, macho mekundu, mafua na kikohozi. Nakiri hapa jambo ambalo kwa miaka mitano sikuliandika: siku ile ya kwanza nilimficha. Nilidhani ni Ebola, nikaogopa kwamba watakuja watu wenye mavazi meupe kumchukua, nikafunga mlango, nikamkanda kwa maji ya vuguvugu usiku kucha. Kesho yake vipele vilitokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni na kifuani, na mama mkwe wangu, ambaye alikwisha kuzika mtoto kwa ugonjwa huo huo, aliingia chumbani, akatazama mara moja tu, akasema: "Hii ni surua."

Tulilala hospitalini usiku saba. Surua ilimshukia mapafuni ikawa nimonia, na masikio yakaanza kutoa usaha. Alipewa dawa, alipewa vitamini A, aliwekewa oksijeni, na Mungu alimwacha kwetu. Muuguzi aliyekuwa akiandika historia yake alifika kwenye mstari wa chanjo, akaiangalia ile nafasi tupu, nikamweleza maneno ya yule mwanamke wa langoni. Hakunikemea. Alisema tu: "Mama, ungeingia ukatuuliza." Nimetukanwa maishani mwangu, na wifi zangu walinisema mbele ya watu kwamba najua kufundisha watoto wa wenzangu nikashindwa kumlinda wa kwangu, lakini hakuna neno lililonikaa kama lile la muuguzi, kwa kuwa lilikuwa la kweli na lilisemwa kwa upole.

Baada ya miezi miwili tuligundua kwamba mtoto hageuki akiitwa kutoka upande wa kushoto. Sikio hilo halijarudi. Anatimiza miaka sita mwezi huu, ana akili nyingi, na darasani nimeomba akalishwe mahali ambapo sikio lake la kulia linamwelekea mwalimu.

Tukiwa na macho yote kwa Ebola, surua ilikuwa ikizika watoto kimya kimya. Mlipuko ule wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliua watu 2,287. Surua, kuanzia mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020 peke yake, iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, wengi wao wakiwa watoto wasiofikisha miaka mitano, na chanjo yake ilikuwapo, ya bure, inayojulikana kwa miongo mingi. Kila ninapowasikia wazazi wakibishana usiku kucha juu ya chanjo mpya ilhali kadi za watoto wao zina nafasi tupu, moyo huniuma, kwa sababu najiona mimi.

Kisha ikaja zamu yangu ya pili. Tarehe 14 Novemba 2019 chanjo nyingine ya Ebola, iliyotengenezwa na Johnson & Johnson, ilianza kutolewa katika mitaa ya Majengo na Kahembe hapa mjini, nasi tulikaa Majengo. Maneno yalikuwa mengi: kwa nini sisi kwanza, na kwa nini waziri wa afya aliyejiuzulu mwezi Julai alikuwa ameipinga? Maswali hayo hayakuwa ya kipumbavu. Waziri alikuwa ameipinga kweli, na wenye chanjo wenyewe walisema wazi kwamba inaendelea kuchunguzwa. Tofauti ni kwamba safari hii sikugeukia langoni. Nilichukua daftari, nikaandika maswali kumi na moja, nikaenda nayo siku ambayo hapakuwa na watu wengi.

Niliuliza kama sindano inaweza kumpa mtoto Ebola. Nikaelezwa kwamba haiwezi, kwa kuwa ndani yake hamna kirusi cha Ebola chenyewe, mna kipande tu cha maelekezo yake kilichobebwa na kirusi kingine kilichoondolewa uwezo wa kuzaana mwilini. Niliuliza kwa nini sindano ni mbili na kwa nini zinaachana siku 56, nani hapaswi kuchanjwa, nimrudishe wapi mtoto akipata homa usiku, na kama naweza kuacha baada ya sindano ya kwanza bila kusumbuliwa. Kuhusu kinga itadumu miaka mingapi, daktari alinijibu kwamba hilo bado linatafutwa. Huenda msomaji akadhani kwamba jibu hilo lilinitisha, lakini hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwani mtu anayetaka kukudanganya huwa na jibu la kila swali.

Siku ya pili nilirudi na mume wangu, ili asikie kwa masikio yake asipokee habari kutoka kwangu. Binti yangu alikuwa bado anapata nguvu, tukashauriwa kumwacha kwanza. Kaka yake, aliyekuwa na miaka sita, alichanjwa mwanzoni mwa Desemba. Mkono ulimuuma, alipata homa usiku mmoja, na siku ya tatu alikuwa anacheza mpira juu ya mawe ya volkano kama kawaida yake. Sindano ya pili aliipata mwezi Februari. Najivunia uamuzi ule, nami sioni haya kulisema.

Sasa nirudi kwenye ile sauti ya simu, kwa sababu mama wa Himbi anastahili jibu la ukweli. Habari ile ina msingi. Mwaka 2009 homa mpya ya mafua ya aina ya H1N1 ilienea duniani, ikatangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni, na chanjo zake zikapatikana kabla mwaka haujaisha. Mojawapo, Pandemrix, ilitumika sana katika nchi kadhaa za Ulaya. Mnamo Agosti 2010 madaktari wa Finland na Sweden walitoa taarifa za watoto na vijana waliopata ugonjwa wa kushikwa na usingizi wa ghafla baada ya kuchanjwa kwa chanjo hiyo. Finland ilisimamisha matumizi yake mwezi huo huo, na uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba uhusiano ulikuwapo, ingawa waliopatwa walikuwa wachache mno kati ya mamilioni waliochanjwa.

Msimulizi wa ile sauti amesema nusu ya kisa, akanyamaza penye nusu ya pili. Madhara yale yalijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiwafuatilia watoto waliochanjwa, wakahesabu, wakasema hadharani. Isitoshe, lilikuwa jambo la chanjo ile moja, na zipo chanjo nyingine za homa ile ile ambazo hazikuleta tatizo hilo. Kwa hiyo swali ambalo mzazi wa Goma anapaswa kulichukua kutoka Ulaya ni hili: mtoto wangu akishachanjwa, nani atamfuatilia, na nikiona dalili nisiyoielewa nitampigia nani? Mwandike mtu huyo na namba yake kwenye kadi kabla sindano haijatolewa.

Kuhusu mpox yenyewe, mama mwenzangu, tazama tunakoishi. Aina mpya ya kirusi hiki ilianza kuonekana Kamituga, katika Kivu Kusini, mwezi Septemba 2023, na sasa, Oktoba 2024, iko katika kambi za wakimbizi zinazouzunguka mji wetu, ambako watoto hulala wamebanana chini ya maturubai. Katika nchi yetu wengi wa waliougua na waliokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Chanjo iliyokwisha kufika, ya sindano mbili zinazoachana siku 28, ilitengenezwa awali dhidi ya ndui. Ile ya Japani, iitwayo LC16, hutolewa mara moja kwa kuchoma ngozi kwa sindano yenye ncha mbili, na ilikwisha kutumiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto wa Kijapani miaka ya 1970. Kwa vile imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, mzazi ambaye mtoto wake ana upungufu wa kinga ni lazima amweleze muuguzi kabla, hata kama anaona aibu na hata kama jirani amesimama karibu. Tafuta pembeni useme.

Kwa mumeo sina maneno makali, kwa kuwa hofu yake ilikuwa yangu. Usibishane naye kitandani wala mbele ya ndugu zake. Mpe daftari aandike maswali yake kwa mkono wake, kisha nendeni wote wawili. Wazazi wenzangu, tunawauliza wauza nguo mara tatu kabla ya kununua suruali ya mtoto, tunageuza kitambaa na kukivuta, halafu kuhusu mwili wa mtoto huyo huyo tunaridhika na mnong'ono wa mtu tusiyemjua. Ulizeni. Ulizeni tena mkiona hamkuelewa. Muuguzi akichoka kuulizwa, ulizeni mwingine.

Jambo la mwisho, mama wa Himbi, ndilo lililonifanya nisome ujumbe wako mara nyingi. Umeandika aya nne juu ya mpox na juu ya mkubwa wako wa miaka minne, ambaye chanjo yake, Oktoba hii ya 2024, bado haijafika hapa. Juu ya mdogo umeandika tu kwamba ana miezi minane. Mwezi ujao atakuwa na tisa. Toa kadi yake usiku huu uitazame tarehe. Nami nina mtoto wa dada yangu anayetimiza miezi hiyo hiyo Novemba, na nimeahidi kumpeleka mwenyewe kwa chanjo ya surua, katika kituo kile kile ambacho mwaka 2019 niligeukia langoni. Niandikie siku inayokufaa, nitakusubiri hapo nje saa mbili asubuhi, tuingie pamoja.