Muulize Mwalimu: "Mwanangu anataka taekwondo, bibi yake hataki"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole. Mwanangu wa pili yuko darasa la sita. Tangu wenzake waanze taekwondo jirani na shule yao hanipi nafasi, kila siku ni "mama na mimi". Baba yake hana neno. Shida ni bibi yake, anayesema mchezo huo unafundisha watoto ukorofi, na kwamba kule kuinama kwao ni kuabudu miungu ya Wakorea. Naomba unieleze: mchezo huu ulitoka wapi, una faida gani hasa kwa mtoto, na hilo la kuinama likoje?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mama. Naanza na la bibi, kwa sababu watu wazima wakivutana nyumbani anayeumia ni mtoto.

Mwanafunzi wa taekwondo huinama anapoingia ukumbini, anapopangwa na mwenzake, na wanapomaliza. Anamwinamia mtu ambaye muda si mrefu atamrushia teke, na yule naye anamwinamia. Ni salamu yenye ahadi ndani yake: nitacheza kwa sheria, sitakuumiza makusudi. Huku kwetu binti akikutana na mzee njiani bado anapiga goti, na hakuna aliyewahi kusema anamwabudu. Mweleze bibi hivyo, atakuelewa.

Sitakuficha lingine. Zile hatua za kupangwa ambazo watoto hujifunza kwa mfuatano, zinazoitwa taegeuk, zimepewa jina la lile duara jekundu na buluu lililo kwenye bendera ya Korea Kusini, na nyuma ya duara hilo kuna falsafa ya kale ya Asia Mashariki. Lakini mtoto hafundishwi sala yoyote wala hatoi sadaka. Mamilioni ya Wakorea ni Wakristo na wanacheza. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Kimia Alizadeh wa Iran alicheza akiwa na hijabu yake, akapata shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata medali ya Olimpiki. Mwaka huohuo Ahmad Abughaush aliiletea Yordani medali yake ya kwanza kabisa, tena ya dhahabu. Imani zao hazikuwazuia, na mchezo haukuwadai imani nyingine. Mlete bibi akae kwenye benchi aangalie kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho. Mimi huwa nawaomba wazazi wafanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa historia. Utasikia watu wakisema taekwondo ina miaka elfu mbili. Wanachanganya mambo mawili. Wakorea wana michezo ya miguu ya zamani kweli. Mmoja wao, taekkyon, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2011. Ila hii taekwondo anayoitaka mwanao, asili yake ni ya karibu zaidi. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1945 Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani. Vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walijifunza karate hukohuko. Mmoja wao, Lee Won-kuk, alirudi akafungua ukumbi Seoul mwaka 1944, ukaitwa Chung Do Kwan. Baada ya uhuru kumbi nyingine zikafunguliwa, kila moja na mwalimu wake na mtindo wake. Kisha ikaja vita ya mwaka 1950 hadi 1953 kati ya Korea Kaskazini na Kusini, na kwenye jeshi la Kusini mchezo huu ukapata nguvu kupitia jenerali Choi Hong Hi, ambaye naye karate aliipata Japani. Jina taekwondo lilipitishwa Aprili 1955. Hesabu mwenyewe: limeutangulia uhuru wa Tanganyika kwa miaka sita tu.

Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Watu walionyang'anywa hata lugha yao shuleni walichukua kitu cha mtawala, wakakigeuza kikawa chao: mikono ikapungua kazi, miguu ikapewa usukani, mateke yakapanda hadi kichwani. Kisha wakajenga makao makuu, Kukkiwon, yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972. Mwaka uliofuata likaundwa shirikisho la dunia. Mwaka 1988 mchezo ukaonyeshwa kwenye Olimpiki ya nyumbani kwao, na Sydney mwaka 2000 ukaanza kutolewa medali kamili. Yote hayo ndani ya umri wa mtu mmoja. Ukikutana na mwalimu anayemsimulia mtoto hadithi za miaka elfu mbili kana kwamba ni ukweli mtupu, mwulize kwa upole ameitoa wapi.

Faida. Njoo nikuonyeshe teke moja tu, la mbele, ap chagi, ambalo mwanao atafundishwa wiki ya kwanza. Goti linapanda hadi kifuani, mguu unafunguka, unakunjwa tena, ndipo unashuka. Ile hatua ya tatu, ya kuukunja tena, ndiyo mtihani wenyewe. Mtoto mgeni akisharusha mguu huuacha udondoke, mwili mzima unaufuata, anajikuta amesogea mbele bila kutaka. Kwa hiyo nawasimamisha hapohapo, goti limekunjwa hewani, nahesabu kwa Kikorea: hana, dul, set, net, daseot. Paja linatetemeka. Vidole vya mguu uliobaki chini vinang'ang'ania mkeka. Mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza na mkeka ni wa baridi chini ya nyayo, kuna mtoto atakayeniangalia kwa macho ya kuomba nihesabu haraka, na mimi naendelea kwa mwendo uleule. Baada ya miezi kadhaa mtoto huyohuyo anarusha mguu kwa nguvu zake zote na kuusimamisha mbele ya kifua cha mwenzake bila kukigusa.

Hapo ndipo jibu la bibi kuhusu ukorofi lilipo. Mtoto anayeweza kuurudisha mguu uliokwisha kuondoka anajifunza kuzuia na mengine. Si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, Kimberley Lakes na William Hoyt, walichapisha matokeo yao baada ya kuwalinganisha wanafunzi wa shule waliofundishwa taekwondo kwa miezi mitatu na wenzao waliofanya vipindi vya kawaida vya michezo. Wale wa taekwondo waliongoza katika kujizuia, mwenendo darasani, na hata hesabu za kichwa. Zingatia kwamba yalikuwa mafunzo yenye heshima ndani yake, mtoto akiulizwa kila mara: niko wapi, nafanya nini, ninapaswa kufanya nini? Mwalimu anayefundisha mateke peke yake hatakupa matokeo hayo, na huyo ndiye ambaye bibi ana haki ya kumwogopa. Ukumbini kwangu anayempiga mwenzake shuleni anavua mkanda na kuanza upya na mweupe. Uliza huko jirani kama wana utaratibu wa namna hiyo.

Uliza pia kuhusu kinga. Watoto wakianza kupambana wanatakiwa kuwa na kofia ya sponji, kinga ya kifua, ya ugoko, ya mikono, ya sehemu za siri na ya meno. Mwanao akipigwa kichwani akazubaa, akatapika au akalalamika kichwa kuuma, mazoezi yanaishia hapo na mnakwenda hospitali, hata kama mwalimu anasema ni kawaida.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Gangilonga, Iringa. Nina miaka 43, nimeongezeka uzito, na goti la kulia huniuma nikishuka ngazi. Binti yangu anafanya taekwondo na mimi natamani. Au nimechelewa?
Muuguzi, Iringa

JIBU: Nzuri dada, na pole na zamu. Hujachelewa. Ila goti lipimwe kwanza. Wewe unajua kuliko mimi kwamba maumivu ya kushuka ngazi yana sababu nyingi.

Ukiruhusiwa, mwambie mwalimu akuanzishe na mfululizo wa hatua, poomsae, na mapambano yakae kando. Wa kwanza, Taegeuk Il Jang, una miondoko 18, mingi ni ya kutembea, kuzuia na kupiga ngumi, na mateke mawili tu ya mbele. Hauhitaji kuruka. Usidhani ni mazoezi ya walioshindwa: mashindano ya dunia ya poomsae yapo tangu mwaka 2006, na yana makundi ya watu wazima wa umri mkubwa kuliko wako. Utakachokiona mapema ni kusimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta, na nyonga kufunguka. Pumzi hufuata, kwa sababu kurudia mfululizo mara kadhaa bila kupumzika kunatoa jasho hata kwenye baridi ya Iringa.

Kitu kimoja ukishike sana. Ukifika kwenye teke la kuzungusha, dollyo chagi, mguu uliosimamia lazima ugeuke, kisigino kielekee unakopiga. Nyonga ikizunguka na unyayo umeganda sakafuni, msokoto wote unamalizikia kwenye goti. Magoti mengi ninayoyaona yakiuma yameharibiwa na hilo, wala si na umri. Na kama ukumbi wenu ni sementi tupu bila mikeka ya sponji, kataa kurukaruka, hata kama darasa zima linaruka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilifika mkanda wa buluu nikiwa Dar es Salaam. Nimehamia Makambako kikazi, mwalimu niliyempata anasema mkanda wangu hautambui, na anachofundisha ni tofauti kabisa na nilichojifunza. Nani mkweli kati yao? Na hivi mchezo huu unaweza kumfikisha kijana wa Kitanzania popote?
Kijana wa Makambako

JIBU: Marahaba kijana. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Taekwondo ina koo mbili kubwa. Yule jenerali Choi niliyemtaja juu alianzisha shirikisho lake, ITF, mwaka 1966. Akakosana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972, baadaye akaupeleka mchezo Korea Kaskazini, na alifia Pyongyang mwaka 2002. Kusini nako wakaunda shirikisho lao mwaka 1973, ambalo leo linaitwa World Taekwondo. ITF wana mifululizo 24 ya kwao na wanaruhusu ngumi za usoni. World Taekwondo hawaruhusu ngumi ya usoni, wanavaa kinga ya kifua inayohesabu pointi kwa umeme kwenye mashindano makubwa, na teke ndilo linalolipa: la kichwani hulipa kuliko la kifuani, na ukiligeukia kwa mgongo linalipa zaidi. Mwaka 2014 pande hizo mbili zilisaini makubaliano ya kushirikiana, lakini mkanda wa huku haugeuki kuwa mkanda wa kule.

Mwulize mwalimu wako wa sasa ni wa upande gani, na umtazame anavyojibu. Akijibu wazi, hata kama ni upande usio wako, anafaa. Akikwambia upande wa pili ni wahuni, tafuta mwingine.

Kuhusu kufika mbali, njia ya Olimpiki ni moja, World Taekwondo. Na Waafrika wameipita. Anthony Obame aliipa Gabon medali yake ya kwanza ya Olimpiki, fedha, London mwaka 2012. Rio, Abdoul Razak Issoufou wa Niger, nchi ya jangwa isiyo na kumbi za kifahari, alichukua fedha. Na hukohuko Rio Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alikuwa nyuma 6 kwa 4 kwenye fainali dhidi ya Mwingereza Lutalo Muhammad. Ikiwa imebaki sekunde moja aligeuka, mguu ukapanda hadi kichwani, mambo yakaisha 8 kwa 6. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu ile sekunde kwenye simu, na kila mara kuna anayeomba irudiwe.

Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili, za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za riadha, Moscow mwaka 1980. Inaniuma kuliandika hilo. Mchezo huu hauhitaji uwanja wa nyasi wala farasi wala bwawa. Unahitaji mkeka, kinga, mwalimu aliyefundishwa na mashindano ya mara kwa mara. Hilo la mwisho ndilo tunalokosa zaidi huku nyanda za juu. Kijana anaweza kupanda mikanda yote bila kupambana na mtu asiyemjua jina.

Kwa hiyo kama mwalimu wako ni wa World Taekwondo, chukua cheti chako cha mkanda wa buluu, mwombe akufanyie mtihani, na ukubali kushushwa hatua moja ikibidi. Kama ni wa ITF na ni mwalimu mzuri, vaa mkanda mweupe, utajifunza. Kisha tafuteni wenzenu wa Njombe, Iringa na Mbeya mkutane, mpambane. Ukumbi wangu uko wazi, mtalala kwa wazazi wa wanafunzi, na mikeka tunayo.