Umebahatika, au umebahatisha?

SWALI: Dada mmoja tunayefanya naye kazi alifaulu mtihani wa uhasibu aliousomea miaka miwili. Nikamwandikia, "Hongera dada, umebahatisha!" Alijibu "Asante" tupu, na tangu hapo ananikwepa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa liko kwenye kiambishi. Kubahatika ni kufikiwa na bahati. Kubahatisha ni kufanya jambo bila uhakika, kwa kukisia. Mtahiniwa asiyejua jibu akazungushia herufi C ilimradi asiache wazi, huyo amebahatisha. Fundi anayefungua kila nati ya gari lako kwa sababu hajui ugonjwa, naye anabahatisha. Kwa hiyo dada yule alisoma kwako kwamba hakujua kitu, ila kalamu ilimwangukia pazuri. Lazima aumie.

Kubahatika hakuna ubaya. Kwenye misiba tunakusikia kila mara wasifu unaposomwa: "Marehemu alifunga ndoa mwaka 1988, wakabahatika kupata watoto wanne." Wengine husema "wakajaliwa", na mimi napenda zaidi hilo, kwani kujaliwa kunaacha nafasi ya Mwenye kujalia, na kwa waumini wengi mtoto hapatikani kwa bahati.

Hata hivyo, kwa aliyekesha na vitabu miaka miwili, "umebahatika" nayo ningeiepuka. Bahati ni ya kitu usichokitolea jasho: umefika kituoni na daladala inayoondoka imebakiza kiti kimoja. Wazee wangeiita ngekewa. Vijana wa Dar es Salaam wanaiita zali. Aliyefaulu mtihani mpe hongera kwa juhudi zake.

Neno lenyewe "bahati" tumelipata kutoka Kiarabu, bakht, nao Waarabu walilichukua kwa Waajemi. Kwetu limeelemea upande wa heri. Ukisema "fulani ana bahati", hakuna atakayeuliza kama ni nzuri au mbaya. Ubaya ndio unaohitaji kutajwa: bahati mbaya, au useme mkosi, au nuksi.

Lakini angalia jinsi "bahati mbaya" ilivyopata kazi ya pili. Mtu akikukanyaga kwenye foleni ya benki husema, "Samahani, bahati mbaya." Hapo halalamikii nyota yake. Anakuambia hakukusudia. Mtoto aliyevunja kikombe husema vilevile, "Mama, ni bahati mbaya," na mama mwenye kuijua lugha anaelewa kwamba anaombwa asimchape. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukwama hapa, maana anadhani aliyepatwa na bahati mbaya ni mwenye mguu uliokanyagwa.

Kwako wewe, usimwandikie tena. Mfuate ofisini umwambie kwa mdomo, "Dada, nilitaka kukupongeza, kiambishi kikaniponyoka. Hongera kwa kazi uliyoifanya." Akikuuliza kiambishi gani, mweleze hiyo -ish- na -ik-.