Shida Yangu Ilikuwa Tarehe

Swali la wiki hii linauliza: "Ni ushauri gani wa kutafuta utajiri uliowahi kuufuata, na ulikufikisha wapi?" Jibu fupi ni kwamba niliufuata ule wa "jilipe kwanza", ukanifikisha kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali. Kwa jibu refu mtanivumilia. Sijawahi kumsimulia mtu isipokuwa mume wangu, naye alicheka.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nina fremu ndogo, cherehani mbili na ovaloki moja ya mtumba, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Nashona sare za shule, vijora na magauni ya vitenge, na siku ikiwa mbaya napunguza suruali za watu. Huu ni mwaka wa kumi na nne.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tisa, shoga yangu anayeuza vipodozi alinibeba hadi kwenye semina ya ujasiriamali mjini. Kiingilio 30,000, maji ya chupa bure. Mhamasishaji alipanda jukwaani na suti ya bluu ambayo bega lake la kushoto lilikuwa limekatwa vibaya, na nakiri kwamba dakika tano za mwanzo sikusikia kitu, nilikuwa nalitazama lile bega. Nilipoanza kusikiliza alikuwa ameshafika kwa Dangote, yule bilionea wa Nigeria.

Dangote, alisema, alianza kwa kuuza pipi shuleni. Ni kweli, mwenyewe amelisimulia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilikuja kujua baadaye kwamba Dangote huyohuyo ni kitukuu cha Alhassan Dantata, mfanyabiashara wa karanga na kokwa za kola wa Kano, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Afrika Magharibi hadi anafariki mwaka 1955. Na biashara yenyewe aliianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa naira 500,000 kutoka kwa ndugu wa upande wa mama yake, enzi ambazo naira moja ilikuwa na thamani kuliko dola moja. Simwonei kijicho. Mtu kafanya kazi, na kiwanda chake cha saruji kule Mtwara tunakiona. Ila zile pipi zinasingiziwa mambo makubwa.

Kisha ikaja hesabu. Akaandika ubaoni: 2,000 kwa siku, faida asilimia 10 kwa mwaka, miaka 20. Akageuka na kutuuliza, nani hapa hawezi kupata 2,000 kwa siku? Mkono hakunyoosha mtu. Nani anyooshe, mbele ya watu! Jibu likawa milioni 41 na ushee. Nimeirudia hesabu ile nyumbani kwa simu, haina kosa, ni milioni 41.8. Lakini kuna mambo hayakuandikwa ubaoni. Bei zikipanda asilimia 5 tu kila mwaka, kitu cha milioni moja leo kitauzwa zaidi ya milioni 2.6 baada ya miaka 20, kwa hiyo zile milioni 41.8 zitanunua mzigo ambao leo ungeupata kwa milioni 15.8 hivi. Si haba. Pale kwetu ni kiwanja na msingi wa nyumba, na pengine tofali za kuanzia. Utajiri siuoni. Na ile 2,000 inatakiwa kila siku iendayo kwa Mungu, siku zote 365, ikiwemo siku ya msiba na siku ambayo umeme umekatika tangu asubuhi.

Baada ya hapo tukafundishwa kujilipa kwanza. Kila shilingi inayoingia, fungu la kumi liende kwenye kibubu kabla hujamlipa mtu yeyote, awe mwenye nyumba au muuza mchele. "Hata paa likiungua, kibubu usikiguse!" Tukapewa kadi za manila tukaandika nadhiri zetu, tukazisoma kwa sauti tukiwa tumesimama. Vikoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana, navyo alivigusa: alisema ni vijiwe vya umbea ambapo maskini wanazungushiana umaskini wao. Wengi tulicheka, tukiwa na madaftari ya vikoba kwenye mikoba.

Nilimwamini, na mimi nikiamini kitu huwa nakifanya. Kesho yake nilimwagiza fundi seremala kibubu cha mbao, kisicho na mlango. Mwezi wa kumi na mbili kikoba chetu kilipovunjwa nilichukua changu, nikanunua ile ovaloki, na duru mpya sikujiunga.

Daftari langu la miezi ile ninalo mpaka leo. Nikishatoa vitambaa, nyuzi na umeme, nilibaki hivi: Oktoba 310,000. Novemba 420,000. Desemba 1,140,000. Januari 980,000. Februari 260,000. Yeyote anayeshona sare atakuwa anatabasamu hapo, maana anajua kinachofuata. Shule zikishafunguliwa na watoto wakishavaa, mwezi wa tatu fundi anahesabu nzi. Machi ile niliingiza 168,000.

Kwenye kibubu kulikuwa na 311,000, fungu la kumi kamili, sikuchomoa hata mia. Na Machi ndiyo mwezi wa kodi ya fremu. Ni 80,000 kwa mwezi, lakini mwenye fremu anachukua ya miezi sita kwa mkupuo, 480,000. Mkononi nilikuwa na 180,000. Zile za Desemba na Januari zilishaondoka: ada, deni la vitambaa Kariakoo, na bati za nyumba ya mama kijijini. Nilipungukiwa 300,000, na nyuma ya cherehani, chini ya gunia la vipande vya nguo, nilikuwa na 311,000.

Mnajua nilichofanya? Nilikwenda kukopa.

Ni pale mtaa wa pili, sitaitaja ofisi. Nilisaini 300,000, nikapokea 270,000 mkononi, ile 30,000 wakasema ni fomu na bima. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Saa kumi na moja jioni anakuja dada mmoja mpole, ana daftari la karatasi ngumu, anasimama mlangoni pa fremu wateja wakiwepo. "Shikamoo mama. Rejesho." Siku nane nililipa, nyingine kwa advansi ya mteja ambaye gauni lake sikuwa hata nimelikata. Siku ya tisa sikuwa nayo. Siku ya kumi na mbili walikuja wawili, na yule wa pili hakuwa na shikamoo. Wakaitazama ovaloki.

Usiku ule nilikipasua kibubu kwa nyundo. Nililipa 286,000 zilizobaki na faini ya 15,000. Ilisalia noti moja ya 10,000, na kibubu kilikuwa kimenigharimu 35,000 kukitengeneza.

Jumlisheni wenyewe. Kwa 270,000 niliyoishika, ndani ya siku 12 nimelipa 120,000 za ziada, na faini juu. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hiyo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Nyingine yote ina majina: fomu, bima, usimamizi, usumbufu. Kwenye kikoba nilichokikimbia ningekopa 300,000 kwa riba ya 30,000 na kurejesha ndani ya miezi mitatu, tena mwezi wa kwanza wa kurejesha ungekuwa Aprili, wananiletea nguo za Pasaka.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nakanyaga cherehani, na sidhani yule bwana alitudanganya. Kila alichokisema ukikichukua peke yake kina ukweli. Ila ushauri wake wote ulihusu kiasi: weka kiasi gani, punguza kiasi gani, vocha kiasi gani, chai na vitumbua kiasi gani. Mimi kwa mwaka sikosi cha kulipa fremu. Kilichonipiga ni kwamba fedha ilikuja Desemba na kodi ikadaiwa Machi. Shida yangu ilikuwa tarehe. Ushauri ule umetengenezwa kwa mtu anayepokea mshahara tarehe 25 kila mwezi, na kwake huenda unafanya kazi vizuri tu. Shemeji yangu mwalimu anakatwa moja kwa moja benki, wala hana habari. Tatizo unapokuja kuuzwa kwa mafundi, bodaboda, mama lishe na wakulima wa mpunga, halafu ukiwashinda wanaambiwa wana fikra za kimaskini.

Hapo kwenye fikra ndipo ninapochukia zaidi. Tuliambiwa matajiri wana vyanzo saba vya mapato na maskini wana kimoja. Jirani yangu wa fremu, Mama Zuu, nimemhesabia. Alfajiri anauza chapati na supu. Mchana vocha na kuweka na kutoa pesa kwenye simu. Friji lake linagandisha barafu na juisi ya ukwaju. Jioni anasuka. Ana kuku wa mayai kumi na wawili. Ni kijumbe, yaani mkusanyaji, wa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu wa wanawake kumi, wanamwachia kidogo kwa kazi hiyo. Na Jumamosi anapika kwenye shughuli za watu. Vyanzo saba, na kuamka anaamka saa tisa usiku, saa nzima kabla ya muda tulioambiwa matajiri wanaamka. Kama ni kanuni, huyu mwanamke angekuwa anaishi Masaki. Anavyo saba kwa sababu kimoja hakitoshi, na kimoja kikilala kingine kinaamka. Ameshalitatua tatizo la tarehe bila kulipa kiingilio.

Na ndugu. Tuliambiwa tujifunze kusema hapana kwa ndugu, kwamba ndugu ni tundu kwenye ndoo. Kuna ndugu wa hivyo, sikatai, ninaye binamu ambaye akipiga simu naanza kukohoa. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa nane, mwanangu alilazwa siku sita, na bili ililipwa na kaka yangu, dada wawili na mfuko wa jamii wa kikoba cha dada yangu. Mimi sikuwa nacho. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nacho, na bati za mama nikalipa mimi. Nikiitazama karatasi ya matumizi tuliyogawiwa pale ukumbini, bati za mama zinaingia kwenye safu ya "upotevu". Sijui bili ya hospitali waliyonilipia ningeiandika safu gani.

Semina yenyewe, kwa taarifa yenu, haikuishia pale. Kulikuwa na "darasa la ndani" la 150,000, na ndani ya darasa, shoga yangu aliniambia, kulikuwa na kilimo cha tikiti maji: ekari moja mashimo 2,000, kila shimo matunda mawili, kila tunda 1,500, jumla milioni sita kwa miezi mitatu. Hakuna inzi wa matunda kwenye hesabu hiyo, wala dalali wa sokoni, wala wiki ambayo kila mtu aliyehudhuria darasa amevuna. Wakenya waliyaona haya kwa kware mwaka 2013 na 2014: waliowahi waliuza mayai na vifaranga kwa waliofuata, waliofuata wakabaki na ndege. Na mtu mzima wa Dar es Salaam akisikia mhamasishaji anasema "panda mbegu yako leo", anaikumbuka DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna fedha, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009 wengi wakiwa wamepanda na hawajavuna. Shoga yangu alipanda tikiti Ruvu. Hatuzungumzii.

Sisemi watu wasiweke akiba. Nimerudi kikoba, wakanitoza faini ya utoro na kunicheka wiki mbili. Kidogo nimeweka pia kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, kwa simu, hela ambayo nikiihitaji naitoa kwa siku chache na hakuna aliyeniapisha nisiiguse. Na kuandika kila kinachoingia na kutoka, hilo nililipata semina na sijaliacha, kwa hilo namshukuru bwana bega.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote hakikutoka ukumbini. Mwezi wa nane mwaka uliofuata nilifunga daftari langu kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda nyumbani kwa mwenye fremu. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, nilimkuta barazani anachambua mchele na wajukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea kodi kabla ya wakati? Leo itanyesha."

Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia, mzee, mimi kukulipa nitakulipa, ila hii Machi na Septemba zinaniua. Nihamishie Januari na Julai, shule zikifunguliwa, nikulipe hela ikiwa bado ina joto. Akaniuliza kwa nini miaka yote sikusema. Nikakosa la kumjibu.

Alikubali kwa sharti moja, nimshonee kanzu ya Idi bure, yenye darizi shingoni. Niliishona. Ile darizi ilinila siku tatu, na mara ya kwanza aliirudisha.