Ukija Mombasa mara ya kwanza, ufuo utakungoja

Wageni wengi wanaokuja Mombasa hawaioni Mombasa. Wanashuka treni ya SGR pale Miritini, wanatiwa kwenye teksi, wanavuka Daraja la Nyali, na tangu hapo ni bwawa la kuogelea na mchanga wa Bamburi. Wikendi ikiisha wanarudi Nairobi, kisiwa chenyewe wamekiona kwa dirisha la gari.

Mimi ni wa hapa hapa, na kila Disemba nyumba yetu hujaa jamaa wa bara. Nawaambia bahari haihami. Tuanze na mji, kwa miguu, tena mapema, maana msimu huu wa joto la kaskazi ikipiga saa tano hakuna mtu mwenye akili anayetembea juani kwa hiari.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kuwa mlangoni saa hiyo, na kitambulisho mfukoni, kwa sababu Mkenya analipa chini sana kuliko mgeni wa nje. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, wakaielekeza kwenye mlango wa bandari ya zamani. Wengi huingia, wakajipiga picha na mizinga, wakatoka. Usifanye haraka hivyo. Tafuta kile kipande cha ukuta ambacho mabaharia na askari wa Kireno walikichora kwa mkaa na rangi nyekundu: merikebu zenye matanga, watu, vitu vya ovyo ovyo. Utaona kabisa kwamba ni kazi ya watu waliochoka kukaa zamu. Mimi huipenda kuliko mizinga yote.

Kisha waza juu ya Machi 1696, Waomani walipoizingira ngome hii, wasiingie mpaka Disemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi ya risasi. Merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama papo hapo chini ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kuanzia 1977 vimewekwa kwenye makumbusho ya ndani. Waingereza nao waliigeuza ngome jela, ikabaki hivyo hadi 1958.

Nje utapokewa na watu wa kukutembeza. Wako wanaoijua historia na wako wanaoujua mfuko wako. Omba kuona kitambulisho cha kazi, na mpatane bei na muda kabla hamjapiga hatua.

Ukitoka, Mji wa Kale uko mbele yako. Shika barabara ya Ndia Kuu, angalia milango ya kuchongwa na roshani za mbao, pita Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe mnene, teremka hadi Bandari ya Kale yanapotia nanga majahazi. Ila kumbuka kwamba haya ni majumba ya watu. Vaa nguo ya heshima. Bukta ya ufuoni iache ufuoni. Ukimkuta mzee kibarazani, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Mlango upige picha upendavyo, lakini mama aliyeketi mlangoni muombe, na akikataa basi. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, kwa hiyo usipange ununuzi saa hizo.

Ununuzi wenyewe ni soko la Marikiti kwa viungo na Biashara Street kwa leso. Leso huuzwa doti, yaani mbili zimeungana. Chagua jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kwa makini, usije ukampelekea mama mkwe maneno ya mafumbo. Viungo nunua kidogo kidogo, na ukiuziwa zafarani kwa bei ya bizari, jua hiyo si zafarani. Zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue ni za bati la alumini. Simama, piga picha, nenda zako.

Kitu ambacho hakimo kwenye vijitabu vya watalii ni feri ya Likoni. Kwa mwenda kwa miguu ni bure, na hakuna mahali pengine utakapoona bandari ya Kilindini kwa karibu vile. Nilimpandisha mpwa wangu wa Nakuru, tukakuta meli ya makontena inaingia. Feri ikasubiri, lile lidude likapita mbele yetu kama mtaa mzima umeng'oka, na kijana aliyekuwa hatoi macho kwenye simu akabaki mdomo wazi. Simu yenyewe iache mfukoni, kupiga picha kivukoni ni marufuku. Epuka asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi, na mkoba uvae mbele.

Jioni nenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari. Agiza muhogo wa kuchoma: muuzaji anauondoa kwenye makaa, anakwangua palipoungua, anaupasua katikati, kisha anausugua kwa nusu ya ndimu aliyoichovya kwenye chumvi na pilipili ya kusaga. Mwambie mapema pilipili iwe kidogo, kwani "kidogo" ya Mombasa tayari ni nyingi. Dafu liwe karibu. Usiku ukirudi Mji wa Kale utapata kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa, na kashata.

Siku ya pili sasa vuka Nyali. Wenye watoto waende Haller Park, ambako machimbo makavu ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Ufuoni, uliza maji yanajaa saa ngapi kabla hujaondoka hotelini. Siku za bamvua bahari hupwa mbali sana, na mgeni aliyefika saa mbaya hukuta mwani na miamba badala ya maji. Maji yakiwa yametoka, vaa viatu, wale viumbe wa miiba wa baharini hawana huruma.

Na ngamia wa ufuo wa Pirates: patana bei kabla hujapanda, ya kupanda na ya kushuka.